Kabla ya Nanjing, Vuga kwanza

Mwezi wa kumi, Mungu akijalia, nitakwenda Nanjing. Ni safari yangu ya kwanza China, na nimeidunduliza kwa miaka mitatu, laki moja leo, elfu hamsini kesho, kama mnavyojua mishahara ya waandishi wa habari. Rafiki yangu anasoma shahada ya uzamili huko na ameshaniandalia godoro chumbani kwake. Ameniambia nisithubutu kufika wiki ya kwanza ya Oktoba kwa sababu ni sikukuu yao ya taifa na nchi nzima iko barabarani. Julai na Agosti nisiziwaze kabisa, mtu wa Irente aliyezoea sweta asubuhi atayeyuka. Nitatua Guangzhou kama wafanyabiashara wa Kariakoo, halafu wao wakielekea kwenye maduka ya jumla, mimi nitapanda treni kwenda kaskazini.

Ninachokwenda kuona ni ukuta. Siyo ule Ukuta Mkuu ambao kila mtu anaujua kwenye picha. Nauzungumzia ukuta wa jiji la Nanjing, ulioanza kujengwa mwaka 1366 kwa amri ya Zhu Yuanzhang, mtoto wa wakulima maskini aliyebaki yatima, akawa mtawa, akawa mpiganaji, na mwishowe akawa mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming. Kazi ilichukua zaidi ya miaka ishirini. Ukuta ule ulizunguka jiji kwa kilomita 35 hivi, na mpaka leo zimebaki kama 25 ambazo mtu anaweza kuzifuata kwa miguu. Kilichonivuta zaidi ni matofali yake. Mengi yamegongwa majina: la aliyelifyatua, la aliyesimamia, la ofisa wa wilaya lilikotoka. Tofali likipasuka, anajulikana wa kuulizwa. Nikajisemea, jamani, fundi wa matofali wa karne ya 14 jina lake lipo, na sisi hatujui hata nani alijenga nyumba ya babu.

Nilikuwa nyumbani Irente wakati wa Pasaka nikimweleza bibi haya yote. Alinisikiliza huku anachambua maharage. Nilipomaliza akauliza swali moja tu:

"Vuga umeshafika?"

Nikasema hapana, bibi.

"Basi nenda ukaone ukuta wa watu. Wa kwenu utauona ukizeeka."

Iliniuma, sikatai. Kutoka Irente mpaka Vuga si safari. Unashuka Lushoto mjini, unapanda gari la Soni, ukifika Soni unachukua bodaboda ya kukupandisha. Nimeishi miaka thelathini na ushei bila kufika, na mimi ndiye ninayeandika insha za historia mnazozisoma hapa. Kesho yake nikaenda.

Kwa wasiotoka milima ya Usambara, niseme kidogo. Vuga ulikuwa mji mkuu wa ufalme wa Washambaa chini ya ukoo wa Wakilindi. Habari zake tunazijua kwa masimulizi ya wazee, na pia kwa kitabu ambacho mpenzi yeyote wa fasihi ya Kiswahili anapaswa kuwa nacho, Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Mzee huyu alikiandika kwa Kiswahili, wamisionari wakaanza kukichapa mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1962 kikatolewa upya katika toleo lililohaririwa na J.W.T. Allen. Mwanzo wake ni Mbegha, mwindaji kutoka Unguu. Mbegha alikuwa kigego, maana yake mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na kwa sababu hiyo ndugu zake wakamnyima urithi. Akaingia porini na mbwa wake, akawinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akaamua kesi zao, na Washambaa wakamfanya mfalme. Ukiondoa chumvi ya masimulizi, kinachobaki ni kwamba ufalme wetu ulianza na mtu aliyedhulumiwa na ndugu zake. Mtalihitaji hili mbele.

Sasa, kuhusu ukuta. Vuga haikuwa na ukuta wa mawe. Richard Burton na John Hanning Speke walifika huko Februari 1857, na Burton aliandika kwamba ni nyumba kama 500 zenye watu 3,000 hivi, za duara kama vichuguu vya nyasi, bila boma la kuzizunguka. Lakini aliandika pia kwamba wageni walikatazwa kuingia. Miaka tisa kabla yake, mwaka 1848, mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda kwenda kuonana na mfalme Kimweri ye Nyumbai, na alichokisifu ni utulivu na utaratibu wa nchi yake. Fikiria jambo hilo: mji usio na ukuta, usio na lango la chuma, na bado mgeni haingii bila ruhusa.

Nilipofika Vuga sikuona cha kupiga picha. Niliona migomba, mahindi, nyumba za bati, watoto wakitoka shule. Wale waliokulia kanisani katika milima hii labda wanalijua jina la Vuga kwenye kurasa za mwanzo za vitabu vya zamani, kwa sababu ya kiwanda cha uchapaji cha misheni ya Kilutheri. Lakini mji wenyewe wa kifalme uliteketea kwa moto mwaka 1898, na haukurudi kuwa ule. Nyasi na miti haviachi kilomita 25 za kutembelea watalii. Nilikaa juu ya jiwe nikanywa soda yangu, nikawa nimekata tamaa kidogo. Nikajiuliza, hivi mji huu ulilindwa na nini?

Jibu la kwanza ni mlima. Jibu la pili, ambalo nilikuja kulielewa nikiwa nimesharudi nyumbani na vitabu viwili mezani, kimoja cha Nanjing na kimoja cha Wakilindi, ni watoto. Kimweri alitawala takriban nusu karne, na alikuwa na watoto wengi. Aliwaweka wanawe kuwa machifu kila upande wa nchi. Kila bonde lilikuwa na mtoto wa mfalme, na kila mtoto wa mfalme alikuwa kama tofali lenye jina: penye ufa anajulikana wa kuulizwa. Na huko China, Zhu Yuanzhang alifanya vilevile. Pamoja na ukuta wake wote, hakuamini matofali peke yake. Aliwapa wanawe majimbo, na wakubwa kati yao akawaweka mpaka wa kaskazini na majeshi ili wawazuie Wamongolia.

Hapa ndipo nilipoacha chai ikapoa.

Mwaka 1392 mrithi wa Zhu Yuanzhang, mwanawe mkubwa Zhu Biao, alifariki kabla ya baba yake. Mfalme mzee badala ya kumrithisha mwana mwingine akamrithisha mjukuu, mtoto wa marehemu. Mfalme akafa mwaka 1398, kijana akatawazwa, akaitwa Jianwen. Kule Vuga, Mshuza, mwana mkubwa wa Kimweri, naye alikufa kabla ya baba yake. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti kikaenda kwa mjukuu, Shekulwavu, mtoto wa marehemu.

Kule Nanjing alikuwepo baba mdogo mwenye nguvu, Zhu Di, aliyekaa kaskazini mahali panapoitwa Beijing leo. Huku kwetu alikuwepo baba mdogo mwenye nguvu, Semboja, aliyekaa magharibi, akashuka mpaka Mazinde.

Vitabu vya Kiingereza husema mjomba alimpindua mpwa. Lugha yao haina namna nyingine. Sisi tunayo, na kwetu neno linauma zaidi, kwa sababu ndugu wa kiume wa baba si mjomba. Ni baba. Baba yako akifa, huyo ndiye baba. Kwa hiyo katika miji yote miwili, mtoto aliyefiwa na baba yake mmoja alipinduliwa na baba yake mwingine.

Wala sitaki kumtetea kijana kupita kiasi. Jianwen alipokaa kwenye kiti alianza kuwanyang'anya baba zake wadogo majimbo yao mmojammoja, na Zhu Di aliona zamu yake inakuja. Kwa Wakilindi pia ilikuwa desturi kwamba mfalme mpya huweka watoto wake mwenyewe mahali pa wale wa mfalme aliyetangulia. Wana wa Kimweri, watu wazima wenye nchi na wafuasi, walijua kwamba kijana akiimarika wao watakuwa wazee wa kawaida tu. Kila upande ulikuwa na hofu ya kweli. Ugomvi wa urithi ndivyo ulivyo, hauhitaji mtu mbaya ili uanze.

Zhu Di alianza vita mwaka 1399. Mwaka 1402 akafika mbele ya Nanjing, mbele ya ukuta uliojengwa na baba yake kwa zaidi ya miaka ishirini. Lango la kusini pekee, linaloitwa Zhonghua siku hizi, lina vyumba vya mapango 27 ambavyo inasemekana viliweza kuficha askari 3,000. Yaani Vuga nzima ya Burton ingeingia ndani ya lango moja! Na unajua ukuta ule ulivunjwaje? Haukuvunjwa. Lango la Jinchuan, upande wa kaskazini, lilifunguliwa kutoka ndani. Waliolifungua ni Li Jinglong, jenerali wa mfalme mwenyewe, na mmoja wa wale baba wadogo. Ikulu ikawaka moto. Mwili wa Jianwen haukutambulika kwa uhakika, na kwa miaka mingi watu walinong'ona kwamba alitoroka akawa mtawa. Wahenga wa pwani walishasema: kikulacho ki nguoni mwako.

Vuga hapakuwa na lango la kufungua. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Semboja alikuja na wapiganaji na bunduki, na Shekulwavu akakimbia, wala hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Katika vurugu hizo Wabondei waliwaasi Wakilindi, katika uasi unaokumbukwa kwa jina la Kiva. Mlima ambao Krapf aliusifu kwa utulivu ukaingia katika vita vya muda mrefu. Watu walitekwa na kuuzwa, wakashushwa Pangani na pwani nyingine, na wengi wao hawakurudi. Hao hawana jina kwenye tofali lolote.

Kuna jambo jingine linalofanana, na hili unaweza kuliona kwa macho ukiwa Irente. Zhu Di alishinda Nanjing lakini hakuipenda. Akajenga kwake, Beijing, na mwaka 1421 makao makuu yakahamia huko. Ukuta wa baba yake ukabaki umesimama na mamlaka yameondoka. Semboja naye aliishinda Vuga lakini hakukaa. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, kwenye kiti cha Vuga, yeye akabaki Mazinde, tambarare, kwenye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro, mahali ambapo pembe za ndovu, bunduki na watumwa vilipita mlangoni.

Wageni wanaolipia kuja kwenye mwamba wa Irente hupiga picha machweo. Wanatazama chini, genge la karibu mita elfu moja, wanaona tambarare, mashamba ya mkonge, barabara kuu na magari madogo kama sisimizi. Pale chini ndipo Mazinde. Nimesimama kwenye mwamba huo tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ninasimama juu ya ukuta. Na kwamba kule chini ndiko mamlaka yalikohamia yalipoona kwamba mali haipandi tena mlimani, mali inapita chini. Ukuta hulinda kilicho ndani. Kinachotafutwa kikiwa nje, ukuta hauna kazi.

Waliofika mwisho mnawajua. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Wajerumani walipokuja kutawala walikuta ukoo uliogawanyika. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja aliyekuwa mfalme Vuga. Lushoto ikaitwa Wilhelmsthal. Miaka mitatu baadaye Vuga ikaungua.

Huyohuyo Zhu Di, anayejulikana kwa jina la utawala la Yongle, ndiye aliyetuma merikebu za Zheng He kuanzia mwaka 1405, zile zilizokuja kufika mpaka Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea twiga. Wachina walimfananisha na qilin, mnyama wa masimulizi anayeonekana zama za mtawala mwema. Kwa mtu aliyekalia kiti cha mtoto wa kaka yake, ushahidi gani mzuri kuliko huo? Kwa hiyo twiga wetu alitumika kama shahidi katika kesi ya urithi ya watu, na wala hakujua. Nikiwa shule nilifundishwa habari ya twiga kama hadithi ya urafiki. Siikatai. Ila sasa naijua na nusu yake ya pili.

Nimefika mahali ambapo lazima niseme kwa nini haya yote yalinifanya niache chai ipoe.

Baba yangu alifariki mwaka 2009. Babu alifariki 2016. Shamba la Irente, lenye parachichi na kipande cha kabichi, likabaki na bibi, mimi na dada zangu, na baba mdogo. Babu aliwahi kusema kwa mdomo, mbele ya watu, kwamba kipande cha juu ni cha watoto wa marehemu. Hakuna karatasi. Baba mdogo alianza kulima juu kidogo, kisha kidogo tena, na mimi nikaacha kumpigia simu. Miaka minne. Nilikuwa na maelezo yangu: mimi ni Mbegha, nimenyimwa urithi. Nilikuwa pia nimeshaongea na wakili Tanga. Baba mdogo bila shaka alikuwa na maelezo yake: yeye ndiye aliyebaki kijijini, yeye ndiye aliyembeba babu mgongoni kumpeleka hospitali, na huyu wa mjini akija na wakili atabakiwa na nini?

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Methali hiyo nimeinukuu kwenye makala zisizopungua tano. Kuinukuu ni rahisi.

Kabla ya kurudi Dar nilikwenda kwake usiku. Sikwenda na hotuba. Nilimwambia, "Shikamoo baba, nimetoka Vuga." Akaitikia, akaniuliza nimeona nini huko. Nikamsimulia kuhusu Shekulwavu na Semboja, kisha kuhusu Zhu Di. Alikaa kimya, halafu akacheka, akasema, "Kwa hiyo umekuja kuniambia mimi ni Semboja."

Nikamwambia nimekuja kumwambia kwamba na mimi si Mbegha.

Hatukukumbatiana, msije mkafikiri ni filamu. Tulibishana mpaka saa tano usiku. Asubuhi tulipanda naye na bibi na mwenyekiti wa kitongoji, tukapima kwa hatua, tukapanda masale kwenye mpaka mpya. Kwa maoni yangu umeingia kwangu kama hatua tatu. Kwa maoni yake umeingia kwake kama tano. Tumeandika karatasi, na kila mmoja ameweka jina lake na sahihi. Mambo ya tofali la Nanjing hayo.

Kwa hiyo mpango wangu wa safari umebadilika kidogo. Mwanzoni nilitaka nianzie lango la Zhonghua kama watalii wote, kwa sababu ndilo kubwa. Sasa nitaanzia upande wa kaskazini, kule ambako lango la Jinchuan lilifunguliwa. Nataka nisimame hapo kwanza. Baada ya hapo ndipo nizunguke ukuta wote, polepole, siku mbili au tatu, nikisoma majina nisiyoweza kuyatamka. Rafiki yangu amesema baadhi yamefutika kwa mvua lakini mengine yanasomeka vizuri, na kwamba nivae viatu vya kutembea na nijifunze kulipa kwa simu, kwa sababu pesa taslimu wameshazisahau.

Baba mdogo ameniagiza nimletee picha ya tofali lenye jina. Moja tu, kasema, lakini jina lisomeke.